Bomba Nene, Sauti Nyembamba

Mama Redio, jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema aliona kwa macho yake. Anasema lori lilikuwa linarudi nyuma pale yadi ya mbao. Utingo akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Bibi akainua kichwa, akatazama mbele, akainama tena kwenye kazi yake. Dereva alikanyaga breki lori likiwa limeshagusa kopo la misumari la Bibi.

"Kiburi tu," anasema Mama Redio. "Yule anasikia anachotaka. Mwambie chai tayari, uone."

Habari ya lori ni kweli. Habari ya kiburi si kweli.

Kila asubuhi Bibi hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya banda la yadi. Hung'oa misumari kwenye mbao kuukuu, huinyoosha kwa nyundo, huitia koponi. Kila anayepita humsalimu, naye humtania. Kazi hiyo anaipenda. Lalamiko lake ni moja tu: ndege wa kwenye paa la banda wamehama.

Jioni ya siku ile ya lori, mwenye yadi alikuja nyumbani. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Mama, mimi sitaki msiba kwenye yadi yangu. Kama filimbi huisikii, bora upumzike nyumbani."

"Nipumzike nifanye nini? Nihesabu mabati?"

"Na injini huisikii?"

"Injini zinanguruma kutwa nzima. Nitajuaje ipi inanijia mimi?"

Mwenye yadi alikuna kidevu. Akasema atampima Jumamosi. Asiposikia, basi.

Mjomba ni mtoto wa Bibi, na ni fundi bomba. Alikaa akafikiri. Yeye ana sauti nzito, na Bibi humsikia vizuri. Mimi nina sauti nyembamba, na Bibi huniambia niache kunong'ona.

"Shida ni filimbi ya utingo," akasema. "Sauti yake ni nyembamba mno. Mama anahitaji sauti nene. Nitatengeneza filimbi nene."

Akakata kipande cha bomba la plastiki, urefu wa kidole. Akatoboa dirisha dogo karibu na mdomo, akatia kizibo cha mbao chenye upenyo wa kupitisha pumzi. Bomba lenyewe lilikuwa nene, kidole gumba kinaingia na nafasi inabaki. Akasimama nyuma ya Bibi, akapuliza. Mbwa wa jirani akabweka.

Bibi akangoja. "Umeshapuliza au bado?"

Mjomba akatafuta bomba nene zaidi. Akalikata urefu uleule, akapuliza tena. Sauti ikawa karibu ileile.

"Bomba limenenepa, sauti imekonda," akasema Mama Redio, ameegemea ukuta.

Mwalimu wa kwaya anakaa nyumba ya pili. Kelele zilimleta. Akamwamkia Bibi, akazitazama zile filimbi, akacheka.

"Fundi, neno limekudanganya. Tunasema sauti nene, nawe ukanenepesha bomba. Bomba haliimbi kwa kiuno, linaimba kwa urefu. Nikatie refu, kama mkono wangu."

Mjomba akakata, akatia kizibo, akapuliza. Ikatoka sauti nzito. Bibi akageuka. "Nani huyo?"

Mjomba akaruka kwa furaha, kisha akaacha kuruka. "Lakini Mwalimu, utingo anakimbia, anadandia lori. Bomba hili litamvunja meno."

"Basi kata katikati."

"Nikikata, si sauti itakonda tena?"

"Kata."

Akakata. Kweli, sauti ikapanda. Mwalimu akaweka kiganja, akaziba ncha ya chini. "Puliza sasa."

Sauti ikashuka, ikawa nzito kama ya lile refu. Hata Mama Redio alisogea karibu.

"Umefanyaje?" akauliza Mjomba.

"Ukipuliza, hewa ya ndani inatikisika. Mtikisiko unakwenda mpaka mwisho wa bomba, unarudi, unakutana na mwingine unaokuja. Ukikutana hivyo mfululizo, sehemu nyingine za hewa zinacheza sana, nyingine zinatulia, kila moja mahali pake. Ndiyo maana wanaliita wimbi lililosimama. Bomba lako refu lilikuwa wazi huku kwenye dirisha na huku mwisho. Hewa ilicheza sana kwenye ncha zote mbili. Ilitulia wapi?"

Mjomba akafikiri. "Katikati?"

"Katikati. Sasa umekata palepale, nami nimeweka ukuta. Hewa haiwezi kucheza penye ukuta, inatulia. Kwa hiyo hii nusu inacheza vilevile kama ilivyocheza ndani ya bomba zima. Bomba lililozibwa upande mmoja huimba kama bomba la wazi lenye urefu maradufu."

"Kumbe kifuniko tu!" Mjomba akakimbilia mfuko wake wa vifaa.

"Na Bibi akapimwe masikio hospitali," Mwalimu akasema. "Sikio likizeeka, mara nyingi sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza. Si kiburi." Alisema hivyo akimtazama Mama Redio.

Jumamosi utingo alivaa filimbi mpya shingoni. Ilikuwa imefungwa kifuniko chini. Lori likaanza kurudi nyuma. Bibi alikuwa ameinama, ametupa mgongo. Utingo akapuliza.

Nyundo ikasimama hewani. Bibi akachukua kopo lake, akasogea pembeni.

"Nani ananiungurumia kama ng'ombe?" akauliza.

Mwenye yadi akacheka, akarudi ofisini kwake. Mama Redio akawaambia watu kwamba yeye tangu mwanzo alisema shida ni filimbi.

Mjomba alibaki anakusanya vifaa. Bibi akamwita.

"Ile filimbi ya zamani ilikuwa inalia kweli?"

"Ilikuwa inalia, Mama. Kila siku."

Bibi akaweka nyundo chini. Kisha akainua macho. Kwenye boriti ya banda ndege walikuwa wamepangana, midomo inafunguka na kufungika.

"Kumbe hawakuhama," akasema. "Mwanangu, na hawa huwezi kuwarefushia bomba?"

Mjomba akaitazama futi yake ya kupimia. Akaikunja polepole, akaitia mfukoni.