Nyaya Mbili Ubaoni

Kitu cha kwanza alichokiona Eulalia ni kiwiko. Kiwiko cha sweta ya kijivu, cheupe kwa chaki, kikipenya katika msongamano wa wanafunzi wa fizikia waliokuwa wakihama vyumba saa nne asubuhi. Mwenye kiwiko aliigonga ndoo ya Eulalia, maji yakamwagika hadi kwenye ngazi. Badala ya kwenda zake, alipiga magoti akayakausha kwa skafu yake mwenyewe.

"Unafuta ubao kwa sweta?" Eulalia aliuliza, akashangaa kujisikia anaongea.

"Dasta zote mnazificha nyinyi wasafishaji."

Aliitwa Leif. Alikuwa akimalizia shahada ya uzamivu huku akifundisha mwaka wa kwanza. Eulalia alikuwa akisafisha jengo lile la chuo tangu alipofika Chicago kutoka kwao Huehuetenango. Wiki ile ile waliyogongana walikula pamoja tamale alizopika Eulalia, unga wa mahindi uliofungwa kwa majani ya mgomba. Leif akatafuna na jani la mgomba, Eulalia akacheka hadi akajifunika uso kwa aproni yake ya buluu. Simu zikaanza. Leif alimwita jua langu. Yeye, kwa utani, alimwita mwalimu. Jambo moja tu alimficha: shule aliiacha darasa la tatu, na kusoma kulimtoa jasho, herufi moja moja. Ujumbe wa simu hakuujibu, alipiga. Leif alidhani anapenda kusikia sauti yake.

Siku moja alimwonyesha nyaya mbili zilizoning'inia sambamba. Alipowasha umeme, zikasogeleana.

"Sumaku," alisema Eulalia.

"Hilo ni jina tu. Ndani ya waya kuna chaji chanya zilizotulia na chaji hasi zinazotembea, idadi sawa. Chaji iliyosimama nje haivutwi. Lakini jifanye wewe ni chaji hasi ya waya wa pili, unatembea sambamba na wenzako wa waya wa kwanza. Kwako wewe, chanya ndizo zinazokimbia, na kinachokimbia, kwa sheria ya fizikia, hufupika. Basi zinabanana, zinazidi hasi, zinakuvuta. Ni umeme ule ule, umeonwa na aliye safarini."

"Kwani zinakimbia sana?"

"Konokono anazipita. Ila ni nyingi mno, hata ufupi usiopimika unatosha."

Alielewa, na furaha ya kuelewa alitembea nayo siku nzima.

Mwezi Machi Leif alipata kazi Vancouver. Hakutaka kumbana Eulalia uso kwa uso, asije akakubali kwa kumwonea huruma. Kabla ya kwenda huko siku tatu kutafuta nyumba, alichora nyaya mbili kwenye ubao wa chumba alichosafisha Eulalia kila asubuhi. Chini yake akaandika: "Jua langu, tembea nami hadi Vancouver. Ukikubali, futa." Kisha, ili mtu mwingine asiyafute, akayazungushia mstari na kuandika juu USIFUTE, kama wafanyavyo wote katika jengo lile.

Neno USIFUTE Eulalia alilijua kwa sura. Ndilo la kwanza kufundishwa msafishaji. Aliutambua mwandiko, akazitambua nyaya, akadhani ni somo. Siku tatu alipangusa pembeni tu, na mwenzake alipokuja na sifongo alimzuia mkono.

Leif aliporudi aliukuta ubao ulivyokuwa. Aliaga kwa maneno machache, macho sakafuni. Eulalia hakuuliza. Alijiambia kwamba mwalimu amechoka kuonekana na mfagiaji.

Mwaka na nusu baadaye, akiwa anakamua tambara, simu ililia. Leif alimweleza taratibu kwamba anaoa Jumamosi, na hakutaka alisikie hilo kwa watu.

"Sikukulaumu, ujue," alisema. "Jibu ulinipa."

"Jibu gani?"

"La lile swali la ubaoni. Nilikuomba tuhame pamoja. Nikaandika ukikubali ufute. Siku tatu, Eulalia. Hukufuta."

Eulalia alikaa polepole kwenye ngazi, sketi yake ikalowa maji ya sakafuni. Wanafunzi walimpita kushoto na kulia.

"Upo?"

"Nipo."

"Nimejiuliza mara nyingi kwa nini."

Uongo alikuwa nao tayari, mwepesi: mama yake, karatasi za uhamiaji. Leif angeukubali, na wote wawili wangekata simu kwa heshima.

"Sijui kusoma vizuri, Leif," alisema. "Niliulinda ubao ule kwa sababu ni wewe uliyeandika."