Kiguu Amtembeza Mgeni

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Kiguu alikuwa ameshatoka mlangoni, akarudi, akatoka tena. Mama yake alimpa jina hilo kwa sababu hakujua kutulia. Likizo hii alikuwa na mgeni, binamu yake, ambaye mwalimu wake alimtaka akirudi asimulie darasani habari za mji aliotembelea.

"Usiwe na shaka," Kiguu alijigamba. "Mji huu naujua nje ndani. Leo wewe mtalii, mimi kiongozi wako!"

Kumbe alijua njia ya shuleni, ya sokoni na ya uwanjani tu. Kwingine kote alipita mbio.

"Mbona saa ya mnara huu imesimama?" binamu aliuliza.

Kiguu hakujua, lakini ulimi ulikataa kukiri. "Ilipigwa na radi. Twende, twende!" Akamvuta mkono.

Mbele ya jengo kuukuu lenye nondo madirishani, binamu aliuliza tena.

"Hilo lilikuwa gereza. Majambazi sugu walifungwa humo."

Macho yakamtoka binamu.

Wakati wa chakula cha mchana, binamu alisimulia yote. Mama akaacha kupakua.

"Gereza? Lile jengo la karibu na posta?"

"Ndiyo, shangazi. Darasani nitaanza na hilo."

Kiguu hakuweza kutulia kitini. Akilini alimwona binamu yake mbele ya darasa, akichekwa kwa uongo wa mtu mwingine, na moyo ukamuuma.

"Nimetunga," alisema. "Hata ile radi. Nisamehe."

"Ungeniacha niaibike!" binamu alifoka.

Mama alimtazama mwanawe. "Ile ilikuwa hospitali ya wazazi. Nondo ni za kuzuia wezi. Nyuma ya dirisha la juu, la mwisho, ndipo ulipozaliwa wewe, jambazi sugu."

Binamu alicheka mpaka akapaliwa.

Alasiri walirudi wote watatu. Chini ya mnara Kiguu alimuuliza fundi wa saa aliyekuwa hapo, akaambiwa saa ilikosa kipuri tu. Kisha wakafika kwenye lile jengo.

"Mama, la mwisho kulia au kushoto?"

"Kushoto. Unaona? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bila maswali ya mwenzio ungezeekea hapa bila kuujua mji wako. Usichokijua, sema hukijui, kisha uliza. Kuuliza si ujinga."

Kiguu alilitazama dirisha lile kwa muda mrefu. Safari hii binamu ndiye aliyemvuta mkono waondoke.