Jino la Fundi wa Akala

Kila asubuhi Muoki hushona akala, ndala za ngozi zenye soli ya tairi, sokoni Kariokor. Sindano ikishapita kwenye ngozi, huukamata uzi kwa meno na kuuvuta hadi ukaze. Ndivyo baba yake alivyomfundisha. Asubuhi moja aliuvuta, kisha akauachia ghafla. Alitema mate. Yalikuwa na damu.

Ndirangu, jirani yake wa kibanda, aliliona shavu lililovimba. "Fundi, mandazi yote umeyaficha shavuni? Tugawie basi."

Muoki hakucheka. Wanza, mkewe, aliyekuwa akimsaidia kibandani, naye hakucheka. Alijua jambo ambalo soko zima halikulijua: mumewe ana kisukari. Muoki alikuwa amesikia watu wakisema kwamba mwenye kisukari aking'olewa jino, kidonda hakiponi kamwe, humpeleka kaburini. Alikubali kwenda kwa daktari wa meno kwa sharti moja tu: Wanza asikitaje kisukari.

Kesho yake alimeza kidonge chake cha kisukari, lakini akakataa uji. Aliamini kwamba tumbo tupu litashusha sukari, na daktari hatagundua lolote.

Katika kliniki moja ya Pumwani walimkuta daktari wa meno aitwaye Mukami, binti mpole. Alimuuliza Muoki kama ana ugonjwa wowote. Akasema hana. Lakini mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na jasho likimtiririka.

"Ni joto tu," alisema.

Wanza aliitazama mikono ile. Ndiyo iliyoilisha nyumba yao miaka yote. Akavunja ahadi.

"Daktari, ana kisukari. Na hajala."

Mukami hakumkaripia mtu. Alimchoma Muoki kidole, akapima tone la damu. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Akamkorogea maji ya sukari. Muoki akashangaa: mgonjwa wa sukari apewe sukari? Akaambiwa anywe upesi, maana sukari ikishuka hivyo mtu huweza kuzimia. Kisha akapewa mkate.

Muoki alipotulia, Mukami aliketi karibu naye.

"Baba, mwenye kisukari hutibiwa meno. Ila tuambie mapema, ndipo tujipange. Kula kama kawaida, meza dawa zako, na uje nazo. Ukificha, hapo ndipo hatari inapoanza."

Akaeleza kwamba sukari ikikaa juu, fizi huugua upesi. Na fizi zikiugua, sukari nayo hukataa kushuka. Lazima vyote vitibiwe pamoja. Siku hiyo alitoa usaha kwenye fizi ya Muoki, akampa dawa, na akampigia simu daktari wake wa kisukari. Wanza alimtazama Mukami akifanya kazi bila haraka wala kelele, akatamani mabinti wote wa mtaa wangemwona.

Jino liling'olewa wiki iliyofuata, sukari ikiwa imetulia. Kidonda kikapona vizuri. Siku hizi Muoki hupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na uzi huuvuta kwa koleo. Siku moja Ndirangu alipomtania kwamba sasa amegeuka fundi wa stima wa kuvuta nyaya, Muoki alimjibu bila kuficha kwamba ana kisukari, na meno yaliyobaki anayalinda.

Jioni hiyo, wakifunga kibanda, Wanza alimwomba mumewe msamaha kwa kuvunja ahadi. Muoki alikunja kipande cha ngozi polepole, akakikunjua tena.

"Wanza," alisema, "jino sikuliogopa. Niliogopa kufa, nikuache peke yako."