Nani Alikutuma Uwanjani?

Kila asubuhi mikono ya Cheche ilitetemeka mpaka apate pombe. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na wateja walianza kumkimbia.

Hospitalini mke wake alisema, "Anaumwa tumbo." Bima ikalipia dawa za tumbo. Cheche akazimeza, kisha akarudi kilabuni.

Jirani yao alikuwa muuguzi. Siku moja akamwuliza mke, "Tumbo gani hilo linalotetemesha mikono?"

"Nani kakwambia?" Mke alimtazama kwa mashaka.

"Macho yangu, mama. Huo ni uraibu, na uraibu ni ugonjwa. Una matibabu. Ila asiache ghafla peke yake, ni hatari. Anahitaji daktari."

"Na bima?"

"Hailipii. Ndiyo maana kuna muswada bungeni, uraibu ulipiwe sawa na magonjwa mengine. Mbunge anakuja Jumamosi kwenye mkutano ukumbini. Kamwulize."

"Yule? Anakuja kupigwa picha tu."

Hata hivyo mke wa Cheche alikwenda. Mbunge aliingia ukumbini akichechemea, maana alikuwa amevunjika goti akicheza mpira. Alitabasamu kwa kila mtu, lakini tabasamu lile halikumshawishi mke wa Cheche.

"Muswada huu wa nini?" mbunge akasema. "Nimeuliza hospitali yetu. Hapa wagonjwa wa pombe hawapo."

Mke wa Cheche akatazama huku na huku. Mke wa kinyozi aliinamisha kichwa. Mama wa duka alijifanya anatafuta kitu mkobani. Kumbe nao wana walevi nyumbani, na hospitalini husema tumbo! Hasira zikampanda, na hofu pia. Cheche akisikia ameanikwa, je, atakubali tena kutibiwa?

Akasimama. "Mheshimiwa, wapo. Mmoja ni mume wangu. Mimi ndiye niliyedanganya hospitali."

"Pole, mama. Lakini si alijitakia?"

"Na hilo goti? Bima ilikuuliza nani alikutuma uwanjani?"

Watu wakaangua kicheko. Mbunge hakucheka. Mke wa kinyozi akasimama, kisha mama wa duka.

Mbunge alipiga kura ya ndiyo. Mke wa Cheche haamini kwamba moyo wake ulibadilika. Anasema mbunge aliogopa kupoteza kura zetu tu. Lakini sheria ilipita. Cheche alinuna weee, mwishowe akakubali kulazwa, na bima ikalipa.

Sasa mikono yake imetulia na wateja wamerudi. Mke bado ana shaka. Kila jioni humnusa mdomo mlangoni. Cheche hakasiriki. Huinama ili mke amfikie.