Nilimwita Mzee Tesch Muuaji wa Mbwa

"UMEMUUA MBWA WANGU, MZEE!"

Nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia madirishani. Dozer, mbwa wangu, alikuwa amelala ubavu kwenye nyasi, povu mdomoni, miguu imekakamaa... Nusu saa kabla alikuwa anarukaruka!

Upande wa pili wa uzio alisimama jirani yangu, mzee Orville Tesch, ameshika reki.

"Kijana, mimi sijamgusa."

"Juzi si ulisema ipo siku atanyamaza?"

"Nilisema. Anabweka tangu alfajiri, nami nataka kulala. Lakini sumu? Mpeleke kwa daktari, acha kunifokea!"

Jamani, mimi Wyatt nikikasirika masikio yanaziba. Nikatoa simu, nikampiga picha na reki yake mkononi. Nikairusha kwenye kundi la mtaa wetu hapa Duluth: "Huyu ndiye aliyemlisha mbwa wangu sumu. Mjueni!"

Ndipo nikambeba Dozer.

Umeona? Picha kwanza, mbwa baadaye. Hilo linanichoma mpaka leo.

Daktari wa wanyama, Dokta Aguirre, alimpima akakunja uso.

"Sukari yake imeshuka vibaya. Amekula nini?"

"Sumu ya jirani!"

"Ulimwona akiila?"

"Sikumwona, ila..."

"Basi niambie ulichompa wewe kwa mkono wako."

"Kidonge chake cha mzio tu. Nimekificha kwenye siagi ya karanga, bila hiyo hamezi."

"Siagi gani?"

"Daktari, siagi ni siagi!"

"Siagi GANI?"

Nikampigia dada yangu Britta, ninayeishi naye, asome kopo.

"Ni ile yako ya mazoezi," akasema. "Isiyo na sukari, ile uliyonikataza nisiiguse. Imeandikwa... zailitoli."

Dokta Aguirre alifumba macho kidogo.

"Huo ni utamu wa bandia. Kwako hauna neno. Kwa mbwa ni sumu. Leteni dripu, haraka!"

Siagi ya Dozer ilikuwa imeisha, nikamchotea kwenye yangu. Vijiko viwili vilivyojaa. Nikamwachia na kijiko alambe.

Sumu ilitoka mkononi mwangu.

Simu ikawa inatetemeka mfukoni. Maoni mia nne!

"Pole sana Wyatt!"

"Zee katili hilo, lihame!"

Ningeweza kuifuta ile picha muda ule ule. Kidole kilifika kabisa... kikarudi. Nikajiambia, ngoja Dozer apone kwanza.

Uongo mtupu! Niliogopa kuchekwa. Na zile pole, niseme kweli, zilikuwa tamu.

Dozer akakaa kwenye dripu siku mbili, wakimpima ini asubuhi na jioni. Mimi nikakaa kimya siku mbili.

Siku ya tatu nikamrudisha nyumbani, amedhoofika lakini mzima. Mzee Tesch alikuwa juu ya ngazi, anasugua mayai yaliyokauka ukutani kwake. Watu walikuwa wamemtupia.

Akageuka.

"Mbwa yu mzima?"

Afadhali angenitukana!

"Mzima, mzee. Mzee... ni mimi. Nilimlisha mwenyewe, bila kujua."

"Ulijua lini?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Siku ile ile. Hata saa sita mchana ilikuwa haijafika."

Akashuka ngazi taratibu, mguu mmoja mmoja.

"Mke wangu ameoka keki za kanisa miaka ishirini. Juzi wamemwambia apumzike."

Akaingia ndani. Komeo likalia.

Nikafuta ile picha, nikaandika ukweli wote kwenye kundi. Nikasubiri hadi jioni.

Uongo wangu ulipata watu mia nne. Ukweli wangu ulipata tisa. Na mmoja wa hao tisa ni Britta!

Basi nikavaa viatu.

Ukiacha yetu na ya akina Tesch, mtaa wetu una nyumba thelathini na tatu. Nikagonga ya kwanza. Akafungua Bi Haugen, mama wa kanisa, uso umejaa huruma.

"Wyatt, pole mwanangu! Lile zee wamelikamata?"

"Hapana, mama. Aliyempa mbwa sumu ni mimi. Nimelijua siku zote hizi, nikanyamaza."

Huruma ikamtoka usoni nikiiona inavyoondoka. Akashika fremu ya mlango.

"Mungu wangu... Mimi ndiye niliyemwondoa mkewe kwenye zamu za keki. Kwa ile picha yako!"

Hakunitukana. Alichukua koti, akanipita pale mlangoni, akavuka barabara kwenda kwa akina Tesch. Hakugeuka hata mara moja.

Wewe uliyeshika simu huku damu inachemka, nisikilize. Jina la mtu unalichafua kwa kidole kimoja, umekaa. Kulisafisha utakwenda kwa miguu, mlango kwa mlango, na kila mlango utauona uso kama ule.

Mimi bado nina milango thelathini na miwili.