Vipele Chini ya Sweta

Kila asubuhi, kabla bodaboda hazijaanza kupigiana honi barabarani, Jedidah, ambaye wote walimwita Mama Jedidah, alimtengea binti yake Caren kikombe cha uji wa wimbi, na kando yake akaweka kidonge kimoja juu ya kisosi.

"Caren, meza nikuone ndipo niende sokoni," alisema huku akikaza kamba kwenye furushi la nguo za mitumba.

Caren alimeza kidonge kwa maji. Mama yake alitabasamu, akajitwika furushi na kuondoka. Caren alibaki akinywa uji polepole, akili yake ikiwa mbali. Migori ulikuwa mji mzuri. Kulikuwa na soko kubwa lililompa mama yake riziki, na shule ambako Caren alisoma Gredi ya Nane. Lakini Migori hapakuwa na ziwa.

Alipokuwa mdogo waliishi Homa Bay, kando ya ziwa, kwa nyanya yake, Phelesia, ambaye yeye alimwita Dani kama watoto wote wa Kijaluo wanavyowaita nyanya zao. Dani alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu karibu na ufuo. Jua likianza kupoa, walizikusanya pamoja, kisha Dani aliketi kizingitini na kuvua kitambaa chake cha kichwa. Caren alisimama nyuma yake na kumsuka. Upepo wa ziwa uliwaletea harufu ya samaki na matete mabichi, na Dani alisimulia habari za watu waliofariki zamani kana kwamba walikuwa wamepita pale asubuhi. Majirani walisema vidole vya mtoto yule vilizaliwa vikijua kusuka. Hata sasa, akiwa Migori, Caren alipofumba macho aliweza kuzihisi nywele laini za Dani, nyeusi chini na nyeupe juu.

Halafu ugonjwa ukaja. Ulianza taratibu. Caren alikula vizuri, lakini nguo zilizidi kumpwaya. Alitokwa na jasho hata asubuhi ya baridi. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi tu, na shingo yake ikavimba kidogo kwa mbele. Kilichomuumiza zaidi ni mikono. Ilitetemeka hata akashindwa kushika kalamu vizuri, sembuse kusuka. Krismasi alipokwenda kumtembelea Dani, walimpeleka hospitalini, na daktari aliyeitwa Monari akampima damu.

"Shingoni tuna tezi inayoitwa thairoidi," Daktari Monari alieleza. "Ndiyo inayouambia mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Yako inauhimiza mwili kupita kiasi. Dawa hii itaituliza. Lakini dawa yoyote inaweza kuleta mambo mengine mwilini. Ukiona lolote geni, sema mara moja. Usinyamaze."

Caren aliitikia kwa kichwa, kama watoto wanavyoitikia wanapotaka kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Dawa ilifanya kazi. Baada ya wiki chache mikono yake ilitulia na moyo ukapoa. Mama Jedidah alifurahi mno. Alianza tena kuimba nyimbo za kanisani alipokuwa akipika, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti yake augue.

"Ukiendelea vizuri hivi," alimwambia, "likizo ya Agosti utaikalia yote kwa Dani."

Basi Caren akawa anaishi kwa kuingoja Agosti.

Siku moja darasani alihisi mwasho tumboni. Jioni alipooga aliona vipele vidogo vimetapakaa kama mchanga chini ya ngozi. Siku iliyofuata vilikuwa vimeenea mikononi na mgongoni. Viliwasha kama upupu. Alijikuna hadi ngozi ikachubuka.

Alikumbuka maneno ya daktari. Alisimama mlangoni mwa jikoni, midomo ikiwa tayari kusema. Mama yake alikuwa akikoroga mboga huku akiimba. Caren akawaza, nikimwambia, ataacha kuimba, na safari itaahirishwa. Akavaa sweta lake la shule, akavuta mikono yake hadi kwenye vidole, akanyamaza.

Jua la Migori mchana si mchezo. Wanafunzi wote walikuwa na mashati tu isipokuwa yeye. Rafiki yake Nyangi, aliyeketi naye dawati moja, alimnong'onezea, "Caren, unatokwa na jasho. Mbona hulivui sweta?"

"Nasikia baridi."

Alipoinua mkono kujibu swali la mwalimu, mkono wa sweta ulishuka. Elvis, aliyeketi mbele yao, aligeuka na kuona.

"Wee! Ana upele! Usiniguse!" alisema kwa sauti, akavuta kiti chake mbele. Darasa likacheka. Caren alitazama kitabu chake, lakini herufi zote zilikuwa zimechanganyika na machozi.

Kesho yake asubuhi aliweka kidonge chini ya ulimi, akanywa maji, akamtazama mama yake akiondoka. Kisha akatoka nje na kukitema nyuma ya ua. Akafanya hivyo tena kesho yake, na siku zilizofuata. Na kweli, vipele vikaanza kukauka. Ngozi ikarudi kuwa laini. Caren akajiona mjanja. Alidhani amepona, tena amewaepushia watu wote usumbufu.

Agosti ilipofika, Dani alimpokea kwa vifijo. Ufuo ulikuwa pale pale, nyavu za omena pale pale, na mlima wa Asego ulikuwa umesimama nyuma ya mji kama ulivyosimama siku zote. Caren alitembea kila mahali akiugusa huu ukuta na ule mlango, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna kilichoibwa.

Lakini mwili wake haukuwa na furaha. Kupanda kutoka ufuoni na ndoo ya maji kulimwacha akihema. Usingizi ulimpaa. Alijiambia ni uchovu wa safari, kisha akajiambia ni joto la ziwani.

Alasiri moja Dani aliketi kizingitini, akavua kitambaa.

"Njoo, nyakwara, mjukuu wangu. Nimengoja vidole vyako tangu mwaka jana."

Caren alichukua kitana, akagawa nywele, akaanza. Msuko wa kwanza ulimponyoka. Akaushika tena, ukaponyoka tena. Alibana vidole kwa nguvu, navyo vikazidi kutetemeka juu ya kichwa cha Dani. Zamani mikono hii ilikwenda yenyewe huku yeye akisikiliza hadithi. Leo aliitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Dani hakugeuka. Aliinua mkono wake, akaishika mikono ya Caren pale pale kichwani, akaituliza.

"Imeanza lini?"

"Si kitu, Dani."

"Naisikia kichwani mwangu, Caren. Usiniambie si kitu."

Hapo Caren akavunjika. Alilia huku akieleza yote: vipele, sweta, kicheko cha darasa, vidonge alivyotema nyuma ya ua. Dani alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Alifunga kitambaa juu ya nywele zilizosukwa nusu, akachukua simu na kumpigia Mama Jedidah.

Asubuhi walikuwa hospitalini. Daktari Monari alisikiliza moyo wa Caren, uso wake ukawa mzito. Alimpima damu, akangoja majibu, kisha akamketisha Caren mbele yake, Dani akiwa kando.

"Moyo wako unakimbia mno," alisema. "Ungeendelea hivi, tungekulaza, na mambo yangekuwa mabaya zaidi. Sasa niambie habari za vipele. Uso ulivimba? Ulipumua kwa shida? Koo liliuma, au ulipata homa?"

"Hapana. Viliwasha tu."

"Basi vilikuwa vipele vya kawaida vya dawa hii. Huwapata watu wengi, wala haviambukizi mtu. Mara nyingi tunatoa dawa ya kuzuia mwasho na mgonjwa anaendelea na tiba. Visipokwisha, tunatafuta njia nyingine. Ungeniambia siku ile, ningekusaidia siku ile ile."

Caren aliinamisha kichwa. Kumbe siku zote zile za kuvuta sweta hadi kwenye vidole hazikuwa na haja.

"Tutaanza upya, na nitakupa dawa ya mwasho pia," daktari aliendelea. "Na unisikilize vizuri. Koo likikuuma na homa ikakupanda, au uso ukivimba, usimeze kidonge kingine na usingoje kesho. Njoo hospitalini siku hiyo hiyo. Lakini usiache dawa kwa siri tena. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Daktari." Safari hii alimtazama machoni.

Walipotoka walimkuta Mama Jedidah amefika kutoka Migori, bado amevaa aproni yake ya sokoni. Alimkumbatia Caren kwa muda mrefu, kisha akamshika mabega.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ulikuwa unaimba, Mama."

Mama Jedidah alijifuta macho kwa aproni yake. Dani alimshika mkono, wakaketi wote watatu kwenye benchi.

Shule zilipofunguliwa, Caren alimweleza Nyangi kila kitu. Nyangi hakuweza kuficha jambo, hivyo kabla ya chakula cha mchana Elvis alikuwa amesikia kwamba vipele vile vilitokana na dawa. Hakusema pole, lakini alirudisha kiti chake mahali pake.

Siku chache baadaye, akiwa njiani kutoka shuleni, Caren alihisi mwasho kwenye kiwiko. Alikunja mkono wa shati. Vilikuwa vipele vichache tu, mtu asingeviona. Alisimama kando ya barabara. Ingekuwa rahisi kushusha mkono wa shati na kwenda nyumbani.

Aligeuka, akaelekea sokoni. Mama yake alikuwa akimwonyesha mteja blauzi.

"Mama, vimerudi," Caren alisema mbele ya watu wote.

Mama Jedidah aliiacha blauzi mikononi mwa mteja. Alimsogeza Caren kwenye mwanga, akamtazama mikono, uso na koo, kisha akampigia Daktari Monari. Daktari aliuliza maswali yake, akawaambia waendelee na kidonge na ile dawa ya mwasho, na wampigie tena baada ya siku mbili. Kabla ya wiki kwisha vipele vilikuwa vimetoweka, na moyo wa Caren ulikuwa unadunda kwa utulivu kama wa watoto wengine.

Lakini alasiri ile pale sokoni hakuna aliyejua bado mambo yangekwendaje. Mama Jedidah alikata simu, akamvuta Caren aketi naye juu ya furushi.

"Nisikilize," alisema. "Ugonjwa si kosa lako, na vipele si kosa lako. Kosa ni kunyamaza, kwa sababu ukinyamaza unabaki peke yako na jambo ambalo sisi wakubwa tungelibeba nawe. Mimi sihitaji mtoto wa kunifurahisha, Caren. Nahitaji mtoto wa kuniambia."

"Hata kama nitakuharibia siku?"

"Hasa siku hiyo," mama yake alisema.