Mtani Wangu Aliifuta Sauti ya Baba

Nina umri wa miaka ishirini na minne. Shahada yangu ni ya miaka mitatu, na huu ni mwaka wa nne bado naisotea. Wenzangu walishavaa majoho, wakapiga picha... mimi nimebaki na machozi. Nichekeni mkitaka, ndugu zangu, lakini mjifunze!

Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge, binti wa mrina asali. Nilipochaguliwa kusomea sayansi ya mimea katika chuo kimoja mjini Tabora, Baba aliuza asali ya msimu mzima akaninunulia simu janja. Haikuwa ya kujirembea mitandaoni. Mhadhiri wetu alitaka tusomee kwa simu: tupige picha mimea, tuandike ilipoota, na utafiti wa mwisho tuutume humo humo.

Likizo nzima kabla ya mwaka wa mwisho nilizunguka porini na Baba. Mimi napiga picha za miti, mitundu na mininga, yeye anaeleza nyuki wanaanza na maua yapi, nami namrekodi. Kila mti aliuanza kwa kukohoa kidogo, kisha: "Andika, mwanangu, usije ukasahau."

Chuoni niliishi chumba kimoja na Mwanaidi, Mzaramo. Mnajua wenyewe, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu kwenda pwani. Akila ubwabwa wangu, nacheka. Akivaa kanga yangu, nacheka. Akitaka simu yangu, hupaza sauti darasa zima lisikie: "Lete simu, mtani! Babu zako walibeba pembe mpaka kwetu, wewe kasimu tu unakaona kazito?" Nami hujibu, "Chukua, mtani, changu ni chako." Namba ya siri nilimpa mwenyewe. Jamani, ningemkasirikiaje mtani?

Siku ya kukusanya kazi nikafungua simu... patupu! Picha, maelezo, sauti za Baba, vyote vimefutwa. Nakala sikuwa nayo, bando lenyewe lilikuwa la kubahatisha. Kumbe Mwanaidi alishatuma picha zangu na maelezo yangu kwa jina lake! Sauti tu hakuzituma, zingemuumbua.

Nikamshtaki. Mbele ya wahadhiri alicheka, akasema huyu ni mtani wake, vyote alimpa mwenyewe, na darasa zima linayajua maneno yake. Wanafunzi wenzetu walipoulizwa walisema ukweli mtupu: walinisikia mara nyingi nikisema changu ni chako! Nikaomba Baba apigiwe simu, nikaambiwa mzazi hawezi kumshuhudilia mwanawe. Sikuwa na kazi ya kuonyesha, nikapewa sifuri, nikarudia mwaka. Yeye akahitimu.

Baba hakunigombeza. Alisema tungoje miti ichanue tena, tuanze upya. Miti ikaanza kuchanua... Baba akaugua siku nne tu, akafariki!

Mwanaidi alikuja msibani. Mtani hafukuzwi msibani, ndiyo mila. Akajifunga shuka la marehemu, akashika fimbo yake, akaanza kumwigiza kama watani wafanyavyo. Akakohoa kidogo. "Andika, mwanangu, usije ukasahau..."

Mwanaidi hakuwahi kukutana na Baba hata siku moja. Maneno yale aliyatoa wapi, kama si kwenye simu yangu? Nikatazama huku na huku, nimwambie nani? Watu walikuwa wanacheka. Mama, ambaye hakuwa ameinua uso tangu jana yake, alicheka mpaka akajifuta machozi. Nami nikafumba macho, nikasikiliza... Mungu anisamehe, nilitamani aendelee.

Wasomaji wenzangu, utani ni mila yetu nzuri, siulaumu. Mtani mpe ubwabwa, mpe na kanga. Lakini kazi ya masomo yako usimwachie mtu, na nakala yake iweke mahali pengine leo hii, usingoje kesho kama mimi. Simu yangu bado nzima, haina hata ufa, na kila nikiishika naitafuta ile sauti. Iliyobaki iko kooni mwa Mwanaidi... nami siwezi kwenda kumwomba!